Mkunga Asiyelipa Bili ya Stima

Somo letu leo ni la mkunga, lakini akina mama wasitazamane: si yule wa kuzalisha. Ni samaki mrefu kama nyoka, aishiye katika mito ya Amazon na Orinoco huko Amerika ya Kusini, naye hutengeneza stima mwilini mwake bila kuwekewa mita. Hata jina la mkunga amelipata kwa sura tu. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na kambare.

Siri yake tunayo nyumbani, ndani ya tochi. Chukueni tochi ya betri nne. Kila betri ina volti 1.5, zikipangwa kichwa kwa mkia zinakuwa volti 6. Geuzeni moja muone mwanga utakavyofifia. Basi huyu bwana hana betri nne. Amepanga mstari wa chembe nyembamba za mwili kama 6,000, na kila moja ni dhaifu, hata kufikisha volti 0.15 ni kazi. Zikiwa zimetulia, chembe hizo husukuma nje sodiamu, ile iliyomo katika chumvi yetu ya mezani. Ubongo ukitoa amri, milango ya upande mmoja tu hufunguka, sodiamu inaingia mbio, na chembe zote hufyatuka kwa pamoja. Umeme hutoka upande wa kichwa, hupita majini, ukarudi mkiani. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba wamempima mmoja mwenye volti 860! Stima ya nyumba zetu ni 240.

Je, tumfuge atuwashie taa? Wapi! Pigo lake moja halifikishi hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Tungepata taa ya kukonyeza macho tu.

Lakini tusicheke tukasahau hatari. Pigo fupi hivyo si rahisi limuue mtu lenyewe, ila yakifuatana hukaza misuli, na mtu akianguka anaweza kuzama hata kwenye maji ya kiunoni. Nasi Kenya tunaye wetu: kambare wa umeme wa Ziwa Turkana, ambaye volti zake hufika kama 350. Akinaswa wavuni usimshike kwa mkono mtupu wala kwa chuma, hata kama anaonekana amechoka. Mwondoe kwa mti mkavu, na mwenzako awe karibu.