SOMO: KINGA YA ALIYEKATA TAMAA



Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu amemkataza mtu kujiua, na papo hapo akataja rehema Yake kwetu. Wengi wetu twalishika la kwanza tukaliacha la pili: twamsomea aliyekata tamaa makatazo, kisha twamwacha peke yake. Je, katazo pekee latosha kuwa kinga?

Mwanachuoni wa Kifaransa, Emile Durkheim, alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1897. Alieleza ya kuwa dini humlinda mtu si kwa katazo tu, bali kwa kuwafunganisha watu wao kwa wao.

Ushahidi mwingine watoka San Francisco, Marekani. Daktari Jerome Motto aliwachukua watu 843 waliokuwa wamelazwa hospitali kwa huzuni nzito au kwa kutaka kujiua, kisha wakakataa kuendelea na matibabu. Akawagawa mafungu mawili. Fungu moja likaandikiwa barua fupi kwa muda wa miaka 5. La pili halikuandikiwa. Barua hizo hazikuwa na mawaidha wala dai lolote, ila kumjulia mtu hali. Katika miaka 2 ya mwanzo, waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kuliko wenzao.

Basi kinga kubwa ni mtu kujua kwamba yuko anayemkumbuka. Kwa hiyo yatupasa haya:

Kwanza, aliyezoea kuja msikitini akaacha kuonekana, aendewe nyumbani, si kwa kulaumiwa bali kwa kujuliwa hali.

Pili, tukimwogopea, tumwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii mtu fikra hiyo. Aghalabu humpunguzia mzigo.

Tatu, akikubali kuwa ndivyo, asiachwe peke yake, viondolewe karibu naye vitu vya kumdhuru, na apelekwe hospitali. Siri ya namna hii haifichwi kwa tabibu.

Wala tusimhesabu kuwa hana imani. Huzuni nzito ni maradhi, na maradhi hutibiwa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua kwapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imemwondolea adhabu, haifai ndimi zetu zimrudishie.

Ewe ndugu, fikiri sasa: ni nani ambaye siku nyingi hukumjulia hali? Usingoje kesho. Nenda kwake leo.