SOMO LA AFYA NA USALAMA: KUPIKA NYAMA KWA MOSHI, POLEPOLE NA BILA HATARI



Chakula cha moshi si kitu kigeni kwetu. Samaki wa Kasenga na wa Bukama wanafika sokoni Lubumbashi wakiwa wamekaushwa kwa moshi, na kila mama anajua namna ya kuwaosha na kuwapika kwa nyanya na vitunguu, kisha jamaa wanakula na bukari. Lakini kuna baba wengine wanaopenda kupika kipande kizima cha nyama ndani ya pipa la chuma, kwa moto mdogo, tangu asubuhi mpaka mchana. Hiyo ni kazi nzuri. Nyama ngumu ya bei ndogo inalainika, na siku ya mapumziko baba anakaa nyumbani pamoja na watoto wake. Lakini kazi hiyo ina sheria zake, sawasawa na kazi ya mgodi. Leo tutajifunza sheria hizo kwa wale wanaoanza.

Kwanza sikilizeni jambo nililoliona kwa macho yangu. Siku moja ya mvua kubwa walituletea kwenye dispanseri mama mmoja na watoto wake wawili. Kichwa kiliwauma sana, walitapika, na mtoto mdogo alikuwa amelegea kama mtu wa usingizi. Baba yao aliniambia: «Muganga, wamekula nyama mbaya.» Nikamwuliza nyama yenyewe iko wapi. Akajibu: «Ingali motoni.» Basi hawakuwa wamekula kitu! Mvua ilipoanza, mama aliingiza pipa ndani ya jiko, akafunga mlango na dirisha. Nyama haikuwa na kosa. Hewa ya makala ndiyo iliyowapiga. Tuliwapa oksijeni, na kwa bahati njema wote watatu walipona.

1. Sheria ya kwanza: nje, siku zote nje

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi unajua vema kwamba baada ya kupasua mawe kwa baruti hakuna mtu anayeingia mbele ya hewa kusafishwa. Kwa nini? Sababu kuna hewa ya sumu isiyoonekana. Makala yanayowaka polepole katika pipa au katika mbabula yanatoa sumu ile ile. Jina lake ni monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na inaishika damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anaumwa kichwa, anazunguzwa, anatapika, miguu inakosa nguvu, kisha analala na anaweza kufa.

Sheria unayoifuata kule chini, uipandishe nawe mpaka nyumbani. Pipa likae uwanjani, mbali na dirisha na mlango. Mvua ikija, funika pipa kwa bati lililosimamishwa juu ya miti, pande zote zikiwa wazi. Usiliingize ndani hata kidogo. Usiku pia usiingize mbabula katika chumba cha kulala ili kupata joto.

Ukimkuta mtu amepigwa na hewa hiyo, mtoe nje upesi, legeza nguo zake, mpeleke dispanseri bila kukawia. Usimpe maziwa wala maji ikiwa amezimia. Maziwa hayaondoi sumu iliyo katika damu, na yanaweza kuingia katika mapafu.

2. Pipa na kuni: usilete sumu ya kazi nyumbani

Pipa la litre 200 linafaa sana, lakini uliza kwanza: lilibeba nini? Pipa lililobeba dawa za kuoshea madini, asidi, rangi, dawa ya wadudu au mafuta ya mashine halifai kwa chakula, hata ukiliosha mara kumi, hata ukilichoma moto. Tena, pipa lililobeba mafuta au petroli linaweza kupasuka unapolikata. Tafuta pipa lililobeba chakula, kama mafuta ya kula. Washa moto mkali ndani yake mara moja bila nyama, kisha lisugue kwa mchanga na maji.

Wavu wa kuwekea nyama uwe wa chuma cha kawaida. Usitumie chuma kilichopakwa zinki wala waya wa umeme. Wale wanaounga vyuma kwa moto wanajua homa inayoletwa na moshi wa zinki.

Kwa kuni, chagua mti mgumu uliokauka vema: mwembe, mpera au mparachichi unafaa. Miti yenye utomvu mwingi kama msonobari inatoa masizi na uchungu, na moshi wa mikaratusi una harufu kali mno. Mti usioujua, usiutie. Na sikieni sana hili: mbao nene za chini ya reli, nguzo za simu, mbao za mgodi na mbao zilizopakwa rangi hazichomwi kwa chakula. Zinatiwa dawa ili mchwa wasizile, na katika dawa nyingine mna arseniki. Moto hauiui arseniki. Inabaki katika moshi na katika majivu.

3. Kutengeneza pipa

Toboa matundu 4 karibu na chini, kila tundu upana wa kidole gumba. Tengeneza vizibo vya chuma vya kuyafunga. Juu, katika kifuniko, toboa matundu mengine 4. Hayo ya juu yakae wazi siku zote ili moshi utoke. Moshi uliofungiwa unaharibu nyama na kuitia uchungu. Moto ukae chini kabisa, na wavu uwe juu yake kwa santimetre 60 hivi. Katikati weka sahani ya chuma yenye maji. Sahani hiyo ina kazi mbili: inapunguza ukali wa moto, na inapokea mafuta yanayodondoka.

4. Kazi ya siku: mfano wa kilo 2 za bega

Anayeanza asichukue mguu mzima. Achukue kipande cha bega la nguruwe au la ngombe, kilo 2, chenye mafuta kidogo.

*Jioni, siku moja mbele.* Nawa mikono kwa sabuni. Paka chumvi, kijiko kimoja cha supu kwa kila kilo, na pilipili kama unapenda. Funika, weka katika frigo. Kama huna frigo, nunua nyama asubuhi ile ile na kuipaka chumvi saa ile ile.

*Saa 12 ya asubuhi.* Washa makala kilo 2 au 3 nje ya pipa. Usitumie petroli. Ngoja mpaka makala yafunikwe na majivu meupe, ndipo uyatie ndani pamoja na vipande viwili vya kuni kavu.

*Saa 1.* Tazama moshi. Kama ni mweupe na mzito, ngoja. Ukiwa mwembamba, karibu rangi ya buluu, weka nyama. Joto linalotakiwa pale kwenye wavu ni digri 110 mpaka 120. Kama huna kipimo, weka kiganja karibu na wavu na kuhesabu polepole: ukivumilia mpaka 8 au 10, ni vema. Ukiondoa mkono kwa 4, moto ni mkali. Ziba tundu moja au mawili ya chini. Moto ukilegea, zibua. Kila saa ongeza makala kidogo yaliyokwisha kuwaka.

*Karibu na saa 6 ya mchana.* Hapa ndipo wengi wanapokosea. Nyama ilikuwa ikipata moto vizuri, sasa inaonekana kama imesimama. Joto la ndani linakaa karibu digri 70, saa nzima au mbili, bila kupanda. Baba anakasirika, anaongeza kuni, nje panaungua na ndani pangali pagumu. Kumbuka mwili wako mahali pa joto kule mgodini: unatoa jasho, na jasho likikauka linapoza ngozi. Nyama nayo inatoa maji yake, na maji hayo yanaipoza. Acha. Jasho likipungua, joto litapanda lenyewe. Wakati huo ndipo mishipa migumu inapoyeyuka na nyama kulainika. Polepole ndiyo mwendo.

*Saa 9 au saa 10.* Kwa kilo moja hesabu saa 3 na nusu mpaka 4. Ingiza uma katikati: ukiingia na kugeuka bila nguvu, na mfupa ukitikisika, nyama iko tayari. Ndani itakuwa imefika digri 90 na zaidi. Iache ipumzike nusu saa mbele ya kuikata, kisha wote mle.

Kuku anahitaji saa 3 au 4 tu. Lazima nyama yake karibu na mfupa wa paja ipite digri 74 na isiwe na maji mekundu.

Moto ukizimika katikati ya kazi na huwezi kuurudisha upesi, usiache nyama ikae vuguvugu. Itie katika chungu, uimalize kwa kuichemsha. Vijidudu vinavyoharibu chakula vinazaa upesi sana kati ya digri 5 na digri 60. Nyama isikae katika joto hilo kupita saa 4.

5. Nyama laini ya moshi si nyama iliyohifadhiwa

Watu wengi wanafikiri moshi peke yake unazuia kuoza. Si kweli. Kinachohifadhi nyama ni kuondoa maji, na chumvi inasaidia. Nyama laini uliyoipika mchana huu itaoza kama nyama nyingine yoyote. Bila frigo, iliwe siku ile ile, isikae mezani kupita saa 2. Katika frigo inakaa siku 3 au 4. Usiiweke katika beseni mpaka kesho kwa ajili ya wageni wa batizo!

Ukitaka nyama ya kuweka, kazi ni nyingine. Kata nyama isiyo na mafuta kuwa vipande vyembamba vya santimetre 1 au 2, tia chumvi, kausha kwa moshi mpaka viwe vigumu. Fanya hesabu hii: katika kilo 3 za nyama mbichi, robo tatu ni maji. Zikikauka vema, kipimo kisipite kilo 1 hivi. Mbele ya kula, osha na kuchemsha sana. Wadudu wakiingia, rudisha nyama au samaki motoni. Usinyunyize dawa ya wadudu juu ya chakula hata kidogo. Wadudu watakufa, lakini sumu itabaki kwa watoto wako.

6. Mambo mengine ya kukumbuka

Nyama ya nguruwe yenye vipunje vyeupe kama mchele ina tegu. Usiinunue. Mnyama aliyekutwa amekufa, wa nyumbani au wa pori, usimguse wala kumchuna. Anaweza kuwa na kimeta au ugonjwa mwingine mbaya, na moshi hauui mbegu ya kimeta.

Mwaka 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lenye makao yake Lyon katika Ufaransa, lilitangaza kwamba nyama zilizotengenezwa kwa chumvi, kwa moshi au kwa dawa za kuhifadhi zinaleta kansa ya utumbo mkubwa kwa wale wanaozila mara nyingi. Basi nyama ya moshi iwe ya sikukuu, isiwe ya kila siku. Siku nyingine kula sombe, lengalenga na maharagwe. Ukate na kutupa sehemu zilizoungua na kuwa nyeusi. Mwenye ugonjwa wa damu kupanda apunguze chumvi.

Usisimame katika njia ya moshi. Mapafu yako yanapokea vumbi kazini. Yape hewa safi nyumbani. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni karibu na pipa. Watoto wakae mbali. Mtu akiungua, mwagia maji baridi na safi dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Maulizo ya kujipima, pamoja na bibi na watoto

1. Mvua ikinyesha, pipa linakwenda wapi?
2. Pipa lako lilibeba nini mbele ya kufika kwako?
3. Saa 6 ya mchana nyama imesimama. Utafanya nini?
4. Nyama laini iliyobaki jioni, nyumba haina frigo: itakuwaje?

Kama jamaa yako wanaweza kujibu maulizo haya manne bila kutazama gazeti, basi unaweza kuwasha moto. Yule baba wa siku ya mvua angali anapika nyama kwa moshi. Lakini sasa pipa lake limesimama chini ya mwembe, na nilipopita mara ya mwisho, mtoto wake mdogo, yule aliyeletwa amelegea, alinionyesha kwa kidole mahali pasipopitwa na watoto.

Kinga ni bora kuliko dawa. Mle kwa afya njema.

Asistanti wenu wa dispanseri