Somo la Umeme Lianzie Kijitoni

Mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru, au wa fizikia katika sekondari yoyote ya Embu, ana maabara ambayo wenzake wa nchi tambarare hawana: vijito vinavyoporomoka kutoka Mlima Kenya. Akifundisha uvunaji wa nishati kwa ubao peke yake, wanafunzi wake wanapunjwa.

Anza na baiskeli yenye dainamo, ile ya kawaida ya volti 6 na wati 3. Ipindue, matairi juu. Kabla mtu hajaigusa, uliza: tukiunganisha taa, kuzungusha pedali kutakuwa kwepesi, kuzito au vilevile? Kila mmoja aandike jibu lake, kisha abishane na jirani yake. Wewe nyamaza. Ukimya huu ndio mgumu kwetu walimu, lakini ndani yake ndimo wanamojifunza. Eric Mazur wa Harvard alianza kufundisha kwa njia ya namna hii mwaka 1991, katika fizikia hiyohiyo. Aliyekwisha kulitetea jibu lake mbele ya mwenzake hatasinzia jaribio likifanyika. Sasa wazungushe wenyewe, taa ikiwa imeunganishwa, kisha ikiwa imetolewa. Mkono utawaambia kwamba umeme una gharama yake.

Baada ya hapo, tokeni nje. Tafuteni kijito kidogo ambacho maji yake yote yanaweza kupitishwa katika bomba. Mto mkubwa uacheni. Kingeni ndoo ya lita 20 na mhesabu sekunde mpaka ijae. Pimeni mteremko kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama wafanyavyo mafundi wa ujenzi. Zidisheni lita kwa sekunde kwa mita za mteremko, kisha kwa 9.8: hizo ni wati. Ndoo ikijaa kwa sekunde 4 na mteremko ukiwa mita 10, mmepata wati 490. Mtambo mdogo hupoteza karibu nusu, kwa hiyo tegemeeni kama 245, zinazotosha taa za nyumba kadhaa.

Bwawa la Gitaru kwenye mto Tana, lenye uwezo wa megawati 225, hupigiwa hesabu hiyohiyo. Waulize wanafunzi ni nini kilichoongezeka.

Rudieni kipimo Februari na Septemba, kabla ya mvua. Mtambo uliopangiwa maji ya Aprili husimama kiangazi.