Kujenga Nyumba au Kununua Iliyokwisha Jengwa

Somo ninalotaka kulieleza halimo katika vitabu vyetu vya kidato cha nne, lakini humfika karibu kila mzazi. Je, mtu mwenye fedha kiasi ajenge nyumba mpya, au anunue iliyokwisha jengwa?

Swali hili limeingia nyumbani kwetu mwaka huu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kibondo, naye alistaafu mwezi wa Aprili. Nyumba tunayokaa ni ya shule, na hapana budi tuihame kabla ya mwisho wa Desemba. Baba alipenda kununua nyumba mjini Kasulu. Mama alitaka tujenge katika kiwanja chetu kijijini. Fungu la fedha ni moja tu, na humo humo mna masomo ya wadogo zangu wawili. Nilipokwenda likizo waliniambia niwapigie hesabu, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tuzitazame faida za kununua. Mnunuzi huhamia upesi. Tena nyumba ya zamani imekwisha kujaribiwa na mvua. Huku kwetu mvua huanza kama Oktoba na kuendelea hata Mei, kwa hiyo ukuta uliosimama miaka mingi bila kupasuka ni shahidi bora kuliko maneno ya muuzaji. Yafaa mnunuzi aende kuitazama nyumba siku ya mvua, si kiangazi tu. Atazame kama dari ina madoa ya maji, kama pembe za madirisha zina nyufa, kama mbao za paa zimeliwa na mchwa, na kama maji yanachimba msingi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anunuaye nyumba yenye ufa amenunua na kazi ya kuujenga ukuta huo.

Pili, anunuaye nyumba huchukua pia matata ya ardhi yake. Kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tuna haki ya kuitumia. Mjini, mnunuzi aulize hati na kuihakikisha katika ofisi ya ardhi. Kijijini, asilipe kabla halmashauri ya kijiji haijatoa idhini. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na nyumba iliyo kando ya barabara kuu au ya mkoa ipimwe kwa futi kamba, maana hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati.

Nyumba ya kwanza aliyoonyeshwa baba ilikuwa ya bei nafuu. Tulipouliza zaidi, tukakuta mke wa mwenye nyumba hajaambiwa neno lolote. Baba akarudisha fedha mfukoni.

Tatu, kujenga. Faida yake kubwa ni kwamba kazi hufuata mfuko. Mkulima wa maharage au kahawa hupata fedha kwa msimu. Aweza kufyatua matofali mwaka huu, kuweka msingi mwaka ujao, na kuezeka mwaka wa tatu. Lakini apige hesabu kwanza. Tuseme nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Kuta za nje ni mita 36. Kuta za ndani tuzifanye mita 24. Jumla ni mita 60, na kwa kimo cha mita 3 tunapata mita za mraba 180. Tofali likionyesha uso wa sentimita 25 kwa 15, tutahitaji matofali 4,800. Nafasi za milango na madirisha sikuzitoa, kwa sababu matofali mengine huvunjika.

Hatari ya kujenga ni vitu vinavyosahauliwa: kuni za tanuru, misumari, saruji ya sakafu, milango, na choo. Nyingine ni mvua, ambayo hubomoa ukuta wa udongo usioezekwa. Ya tatu ni kumlipa fundi fedha zote kabla ya kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, mwenye kuamua ajiulize mambo matatu. Fedha zinakuja kwa mkupuo au kidogo kidogo? Ana miezi mingapi kabla ya kuhama? Haki ya ardhi i wazi? Bei ifuate baada ya hayo.

Sisi tulikuwa na kiwanja kisicho na ugomvi, na miezi ya kiangazi mbele yetu. Wazazi wamekubaliana kujenga vyumba viwili kwanza, na fedha za masomo zimewekwa mbali zisiguswe. Baba bado anautamani umeme wa mjini. Matofali yamekwisha chomwa, na sasa tunashindana na mvua ya Oktoba. Paa lisipokuwa tayari, tutapanga kwa watu.

Wanafunzi wenzangu, hesabu za eneo tunazozilalamikia darasani ndizo hizi. Mkienda likizo, chukueni futi kamba, mkawasaidie wazazi wenu.