Redio koli inayohama masafa: ninavyoitengeneza hapa Kilwa

Tangu mvua za Kimbunga Hidaya za Mei 2024 zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, siwezi kuvumilia kuona redio ya masafa mafupi imekaa stoo bila kazi. Barabara ikikatika na simu zikizima, redio hizi ndizo zinazobaki kusema. Ninayoitumia mimi hapa Kilwa Masoko ni Yaesu FT-101 ya miaka ya 1970, na ugonjwa wake mkubwa ni ule ule wa redio nyingi za umri wake: haitulii. Unampata mtu kwenye kilohezi 7110, baada ya muda sauti yake inakuwa nyembamba, kisha haieleweki. Unazungusha kitasa kumfuata, naye anakufuata wewe, hadi mnapotezana.

Masafa kwenye redio hii yanaongozwa na osileta inayofanya kazi kati ya megahezi 8.7 na 9.2. Sauti ya SSB, yaani mtindo wa kurusha sauti unaotumika kwenye redio hizi, ikihama hezi 100 tu, sikio linajua. Ili masafa yahame kiasi hicho, inatosha kapasita za osileta zibadilike kwa sehemu moja kati ya 45,000. Joto kidogo linaweza kufanya hivyo, na chumvi kwenye kiungo inafanya zaidi.

Kwa hiyo usikimbilie bisibisi. Trima na koili ziache kama zilivyo, maana ukizigusa kabla ya kujua tatizo utakuwa na matatizo mawili. Washa kalibreta iliyomo ndani ya redio, zungusha kitasa hadi mlio wake ushuke na kunyamaza, kisha iache. Kila baada ya dakika 5 andika daftarini umehama kiasi gani na kuelekea wapi. Nusu saa ya kwanza isikutishe, kwani redio ya zamani lazima ipate joto kwanza. Kinachotafutwa ni tabia yake baada ya hapo.

Ikiruka ghafla, hasa ukigonga kasha kwa kidole, karibu kila mara ni kiungo kichafu. Hapa pwani ndipo ninapoanzia. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya nyumba, na chumvi inavuta unyevu. FT-101 ina bodi za kuchomeka, na meno yake ya shaba huota ukungu wa kijani usioonekana mpaka uichomoe bodi na kuielekeza kwenye mwanga. Zima redio, chomoa waya wa umeme, na subiri kabla ya kufungua: taa zake za kurushia hutumia volti zipatazo 600, na kapasita za pawa hubaki na chaji hata swichi ikiwa imezimwa. Hili halina mzaha. Kisha sugua meno kwa kifutio cha penseli, futa kwa spiriti, chomeka na uchomoe bodi mara kadhaa.

Sehemu inayosahaulika ni vile vijibati vya springi vinavyobana ekseli ya kapasita ya kugeuza. Ndivyo vinavyoiunganisha na chasisi ya redio. Vikishika uchafu, masafa yanacheza kila ukigusa kitasa. Tone moja la kontakti klina, geuza kitasa mwanzo hadi mwisho, halafu acha ikauke kabisa. Usivimwagie mafuta ya cherehani, yanakusanya vumbi.

Ikiwa masafa yanatikisika kila ukizungumza, au yanahama friji ya jirani inapowaka, pima umeme unaoingia kwenye osileta. Unapaswa kukaa palepale ulipoandikwa kwenye mchoro, iwe unapokea au unarusha. Ukiyumba, chunguza kapasita za elektroliti za sehemu ya kudhibiti volti. Kwa umri huu nyingi zimekauka, na kuzibadilisha si gharama kubwa.

Kinachobaki ni kule kuhama taratibu, upande mmoja, bila kukoma. Hapo ni joto. Nachukua drai ya nywele ya saluni, naiweka mbali kidogo, napasha eneo la osileta sehemu kwa sehemu huku nikisikiliza mlio wa kalibreta. Ile kapasita inayoubadilisha mlio kupita wenzake ndiyo mgonjwa. Iliyo mbovu ibadilishe kwa ya aina ile ile, kwa sababu watengenezaji walichagua baadhi kwa makusudi ili moja ikipanda nyingine ishuke. Ukiweka kapasita za NP0, zile zisizobadilika kwa joto, kila mahali unavunja uwiano huo.

Kama ofisini, misheni au nyumbani kwenu kuna redio ya namna hii, msiiuze kama chuma chakavu. Isafisheni, ijaribuni kwa kusikiliza, na chukueni leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha.