Kutoka Mafungu ya Mirathi Hadi Kalkulasi



Ndugu zangu, kila mwanzo wa muhula nasikia maneno yale yale: sisi ni watu wa Masomo ya Kiislamu, hesabu tuwaachie wa sayansi. Mimi nasoma fani hiyo hiyo, na pamoja nayo nimechukua kozi za hesabu, nikaanza na takwimu ya utangulizi, nikapita aljebra, na sasa nipo kwenye kalkulasi. Ninachotaka kusema ni kwamba anayesoma ilmu ya mirathi ameshaingia katika hesabu hizo, apende asipende. Akizikimbia, anayeumia si yeye. Ni mjane au yatima ambaye fungu lake litakatwa kwa makisio siku huyo ndugu yetu atakapoitwa "shekhe" na kuombwa agawe mali.

Tuchukue mas'ala moja. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Hana mtoto, na wazazi na mababu walishatangulia. Kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, mume ana nusu na dada wawili wana theluthi mbili. Asili ni 6. Mume anapata 3, dada wanapata 4, jumla 7. Mafungu yamezidi mali!

Zama za Sayyidna Umar (r.a.) jambo hili lilitatuliwa kwa njia tunayoiita aul: asili inapandishwa kutoka 6 hadi 7, na kila mwenye fungu anapungukiwa kwa uwiano ule ule. Ibn Abbas (r.a.) hakuafiki, lakini jamhuri ya wanazuoni wameifuata. Kama mali iliyobaki baada ya mazishi, madeni na wasia ni shilingi 4,200,000, mume atachukua 3/7, yaani 1,800,000, na kila dada 1,200,000. Sasa mwangalie mtu anayegawa kwa macho: anampa mume nusu yake kamili, 2,100,000, kisha dada wanaambiwa wagawane kilichobaki. Dada wawili wamepoteza 300,000 na hakuna aliyekusudia kuwadhulumu.

Tazameni pia lugha yetu. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba tarakimu ya chini ya sehemu inaitwa asili. Kwenye faraidhi tunasema aslul-mas'ala. Neno ni hilo hilo.

Na takwimu inaingia hapo hapo. Somo la mwanzo kabisa la kozi ile ni kuchukua idadi ya kila kundi na kuigawa kwa jumla, ili vyote vikijumlishwa vipatikane 1. Ukiwauliza wanafunzi 7 swali, 3 wakajibu ndiyo na 4 wakajibu hapana, unaandika 3/7 na 4/7. Ndiyo aul ile, ila hapa hakuna maiti. Katika karne ya 9 al-Kindi alitumia kuhesabu kwa namna hii kufumbua maandishi ya siri: herufi inayojirudia zaidi katika lugha hulinganishwa na alama inayojirudia zaidi katika waraka uliofichwa.

Aljebra ndiyo rahisi kuitetea mbele yenu. Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mas'ala ya wasia na mirathi. Mfano wa kwangu: mtu ana watoto wanne wa kiume tu. Ameusia msikiti upewe moja ya kumi ya mali, na rafiki yake apewe kiasi sawa na fungu la mtoto mmoja. Liite fungu hilo x. Watoto 4x, rafiki x, msikiti 1/10; jumla ni 1. Basi 5x = 9/10, na x = 9/50. Wasia wote ni 14/50, haujafika thuluthi, kwa hiyo unapita. Jaribu kulipata jibu hilo bila x uone jasho.

Kalkulasi ndiyo inayotisha, nami nitakaa nayo kidogo. Chora grafu ya y = x² kuanzia 0 hadi 1, utafute eneo lililo chini ya mstari ule uliopinda. Eneo la mstatili unalijua, basi gawa nafasi hiyo katika vipande 10 vya upana sawa, na kila kipande kisimamishie mstatili unaofika kwenye mstari kwa upande wake wa kulia. Utajumlisha 1 + 4 + 9 mpaka 100, upate 385, na eneo ni 0.385. Kwa vipande 100 ni 0.33835. Kwa 1,000 ni karibu 0.33383. Jibu linaisogelea 1/3, na hiyo 1/3 ndiyo kalkulasi inayokupa kwa mstari mmoja.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo na kufariki mnamo 1040, alipata njia ya kujumlisha hadi vipeo vya nne, akaitumia kutafuta ujazo wa umbo linalopatikana parabola ikizungushwa. Lakini tusitie chumvi kama baadhi ya mihadhara inavyofanya. Kalkulasi kama inavyofundishwa leo ni kazi ya Newton na Leibniz, karne ya 17. Kumpa mtu haki yake nako ni katika dini.

Kabla ya mtihani, fanyeni hii: mume amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Asili ni 24. Jumlisheni mafungu, kisha mniambie ile thumni ya mke imekuwa sehemu ya ngapi.

Wabillahi tawfiq.