"Mwalimu, Sina cha Kuandika"



Kila Jumamosi nikisema tutoe madaftari, hakosi mtu wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, sina cha kuandika." Na huyo huyo, dakika tano nyuma, alikuwa akimsimulia mwenzake jinsi mjomba alivyopotea uwanja wa ndege na masanduku matatu. Kwa hiyo mambo mnayo. Kazi ni kujua lipi linafaa barua, lipi hadithi, lipi shairi.

Tuanze na barua, maana ndiyo tunayoihitaji zaidi. Wengi wenu mkipewa simu mzungumze na bibi, mnasema shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, kisha simu inarudi kwa mama. Si kwamba hamumpendi bibi, ila maneno yameisha. Sasa msitafute mada. Jiulize: bibi huniuliza nini kila akipiga? Kama huuliza "Huko baridi?", hiyo ndiyo barua yako. Mweleze unavaa nini kabla ya kutoka mlangoni, na kwamba mwezi wa 12 hapa Uingereza saa kumi jioni giza limeshaingia. Halafu na wewe muulize kitu anachokijua yeye peke yake: alipokuwa na umri wako alilala chumba kimoja na nani? Nani alimfundisha kusuka ukili? Majibu hayo hayapo kwenye intaneti, na bibi zetu umri unakwenda.

Anayejua nani atasoma hapati shida ya kuanza. Mwaka 1858, pwani ya Kenya, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utenzi wa wosia. Anaanza kwa kumwita mtoto akae karibu, alete wino na karatasi. Basi. Hakuhangaika na utangulizi. Utenzi huo unasomwa mpaka leo.

Hadithi inataka kitu kilichoharibika. Safari iliyokwenda vizuri haina hadithi. Mjomba aliyepotea na masanduku anayo. Andika kilichotokea kweli, kisha badilisha kitu kimoja: je, sanduku moja lingekuwa si lake?

Wasifu, yaani maisha ya mtu, uanze na kazi ya mikono yake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, na kabla ya kujulikana kwa taarab alikuwa akitembeza vyungu alivyofinyanga mama yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo. Ukianza na vyungu, msomaji anataka kujua alifikaje Bombay. Shaaban Robert aliandika kitabu kizima juu yake. Ninyi andikeni ukurasa mmoja juu ya baba, na msianze na tarehe ya kuzaliwa.

Maelezo ya upishi ni magumu kuliko yanavyoonekana. Muulize mama mandazi yanataka unga kiasi gani, atakwambia "kwa kadiri." Tui je? "Mpaka unga ukubali." Hapo usikate tamaa, shika kikombe umpimie kabla hajamimina, uandike. Mimi kazini ni muuguzi, na tunapokabidhiana zamu hatuandiki "mgonjwa amekula kidogo." Tunaandika amekula vijiko vitatu vya uji, saa ngapi. Mwenzako anayekuja usiku hakuwepo, anategemea karatasi yako. Na wewe siku moja utataka kupika mandazi hayo mama akiwa mbali.

Insha ya hoja itafuteni kwenye mabishano ya nyumbani. Kwa mfano: mtoto akisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, ni utovu wa adabu au ni mazoea tu? Andika kwanza upande usiokubaliana nao. Nataka kuona kama mnaweza kumtendea haki.

Shairi lianze na sauti. Hebu semeni hivi kwa kupiga makofi: "Baridi kali nje huko, iliki na tangawizi." Mizani 8, kisha 8. Kina cha kati ni -ko, cha mwisho ni -zi. Sasa kusanyeni maneno: jiko, mwiko, kijiko, kicheko, nazi, mchuzi, usingizi, mzazi. Mkiyatazama maneno hayo mtaona jikoni kwenu kumeshajitokeza, na ubeti wa mistari minne hauko mbali.

Wazazi, ombi langu kwenu: mtoto akisimulia na kusema "kitabu mdogo," mwacheni amalize kwanza. Ngeli tutazisahihisha darasani. Akikatizwa mara tatu, ya nne atasimulia kwa Kiingereza. Na tafadhali msimwandikie. Mwandiko wenu naujua.

Kazi ya Jumamosi ijayo: barua ya nusu ukurasa kwa bibi, babu, shangazi au yeyote aliye mbali, yenye jibu moja na swali moja. Aliyeko Afrika Mashariki yuko mbele yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, kwa hiyo msimpigie kuulizia baada ya chakula cha usiku, mtamkuta amelala. Leteni na bahasha. Wadogo wa darasa la kwanza wanaweza kuchora, lakini swali waliandike kwa mkono wao.